Kumvua Besi kwa Mshipi

  Sogeeni karibu na redio. Kila mtu awe na daftari na penseli. Leo nataka pia kila mtu awe na kipande cha uzi, urefu wa mkono mmoja, na kitu chenye tundu, kama ufunguo. Viwekeni kando, kazi yake itakuja baadaye.

Somo letu la leo ni uvuvi. Si uvuvi wa nyavu, bali uvuvi wa mshipi, yaani uzi, ndoana na chambo. Nataka kujibu swali ambalo wavuvi wengi wa mshipi hujiuliza. Watu wawili wamekaa katika mtumbwi mmoja. Chambo chao ni kimoja, na saa ni ile ile. Mmoja amepata samaki wanne. Wa pili hakupata hata mmoja. Kwa nini? Wengine husema ni bahati. Wengine hunong'ona kwamba ana dawa. Mimi nawaambia kwamba kuna mambo anayoyajua, na mambo hayo husomeka kama mnavyosoma ukurasa huu.

Tutamtazama samaki mmoja tu, maana kila samaki ana tabia yake. Mwalimu, andika ubaoni: BESI. Someni pamoja: be-si. Wamarekani hulitamka jina hili karibu na «basi», lakini sisi tukisema basi, watu watadhani maneno yamekwisha, au watatoka barabarani kungoja gari. Kwa hiyo tutasema besi.

Nchi ya asili ya besi ni Amerika ya Kaskazini, upande wa mashariki, tangu Canada mpaka Florida na kaskazini ya Mexico. Mwaka 1929 aliletwa Kenya, akatiwa katika Ziwa Naivasha ili watu wapate kumvua kwa mchezo. Alikaa, akazaa, akawa mwenyeji. Huvuliwa na mgeni mwenye fimbo ya bei kubwa, na huvuliwa na kijana mwenye mwanzi. Nyama yake ni nyeupe na tamu. Si wengi kama zamani, na kwa sababu hiyo ustadi watakiwa zaidi.

Mtazameni umbo lake. Mgongo ni wa kijani, tumbo ni jeupe, na ubavuni una mstari mweusi kutoka kichwani mpaka mkiani. Lakini jambo kubwa ni mdomo. Mdomo wa besi ni mpana mno. Akiwa mkubwa, pembe ya mdomo wake hupita nyuma ya jicho. Akiufungua ghafla, maji huingia kwa nguvu, na samaki mdogo aliye mbele yake huingia pamoja na maji. Ni kama mtu anywaye uji kwa kufyonza. Na akigundua kwamba kilichoingia si chakula, hukitema papo hapo. Wekeni neno hilo akilini. Tutalirudia.

Besi hafukuzi mbali kama mbwa. Huvizia kama paka. Hujificha mahali penye kivuli, akakaa kimya, akangoja chakula kipite. Basi, mtu atupaye mshipi wake katikati ya maji matupu kwa sababu ni mapana na hayana vikwazo, huyo anawavulia samaki wasiokuwapo. Kosa hili ndilo la kwanza, na naliona kubwa kuliko yote. Nusu ya ufundi wa kuvua besi ni kujua alipo kabla ya kulowesha ndoana.

Hukaa wapi? Hukaa ukingoni mwa vitu. Pale mafunjo yanapokoma na maji yanapoanza, pana ukingo. Pale gugu maji linapoelea na kufanya kivuli, chini ya ukingo wake pana besi akitazama nje. Gugu hilo huhamishwa na upepo, kwa hiyo mahali pa jana si lazima pawe mahali pa leo. Mawe yaliyozama, nguzo za gati, mti ulioanguka majini, vyote ni nyumba zake. Ziwa Naivasha lilipanda sana mwaka 2020, na migunga mingi ya ufukweni ikafa imesimama ndani ya maji. Mwenye shamba alihuzunika, lakini besi alipata maficho. Katika kila mti wa namna hiyo, tafuta upande wa kivuli kwanza.

Saa nazo zina maana. Asubuhi na jioni, mwanga ukiwa mdogo, besi husogea kwenye maji mafupi kutafuta chakula. Jua likiwa kali huingia ndani ya kivuli kizito, au hushuka kwenye maji ya kina. Kwa hiyo mchana usikate tamaa, bali badili mahali.

Na chakula chake je? Hula samaki wadogo, vyura na wadudu. Tena hula kamba. Sisemi kamba ya kufungia mbuzi, nasema yule mdudu wa majini mwenye magando. Kamba mwekundu aliletwa Naivasha mwaka 1970, naye pia asili yake ni Amerika. Besi alipomwona alimtambua kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kwao, akamla. Mpaka leo besi wakubwa wa ziwa hilo humpenda sana. Ukipasua tumbo la besi uliyemvua, usilitupe bila kulitazama. Ukikuta magando, umeambiwa chambo cha kesho kifanane na nini na kipite wapi, maana kamba hutambaa chini, haelei juu.

Sasa tuje kwenye kutupa mshipi. Watu wengi hudhani sifa ni kutupa mbali. Hapana. Sifa ni kutupa pale pale ulipokusudia, bila kishindo. Besi amejificha ubavuni mwa mgunga, na ndoana yako imeanguka hatua tatu kutoka hapo. Hatatoka kuifuata. Au chubwi lako limempiga kichwani, puu! Amekwisha kimbia. Mwalimu, andika: CHUBWI. Ni kile kipande cha risasi kinachozamisha ndoana.

Jifunze nchi kavu. Weka karai uani. Simama hatua 10. Funga chubwi bila ndoana, ili usije ukamchoma mtoto. Tupa mara 20, uhesabu mara ngapi limeingia. Tumia kiwiko na kifundo cha mkono, usirushe mwili mzima kama atupaye mkuki. Likiingia mara 15, rudi nyuma mpaka hatua 15. Fanya hivyo dakika 10 kila jioni kwa wiki mbili. Majirani watakucheka mwanzoni, kisha watoto wao watakuja kushindana nawe. Ukifika ziwani, usitupe juu ya maficho yenyewe. Tupa mbele kidogo, kisha kivute chambo kipite karibu na mlango wa nyumba yake.

Wewe usiye na fimbo yenye kigurudumu cha kukunjia uzi, usidhani somo hili si lako. Chukua mwanzi mrefu. Mmarekani mmoja mjuzi wa mimea, William Bartram, alisafiri Florida katika miaka ya 1770, na katika kitabu chake cha mwaka 1791 alieleza jinsi besi walivyovuliwa huko. Watu wawili waliingia katika mtumbwi mdogo. Mmoja alikaa nyuma na kafi, akiusogeza polepole kando ya majani. Wa pili alikuwa mbele na fimbo ya futi 10 au 12, lakini uzi wake ulikuwa inchi 20 hivi tu. Mwisho wa uzi palikuwa na ndoana tatu zilizofungwa pamoja na kufunikwa na nywele nyeupe za mkia wa paa, vipande vya kitambaa chekundu na manyoya ya ndege. Kishada hicho kilichezeshwa juu ya maji, kikigusa na kuinuka, kando kabisa ya majani. Besi alikirukia. Tazameni ujanja huo: fimbo ndefu, uzi mfupi. Hakuna kutupa, kwa hiyo hakuna kukosea shabaha. Chambo chashushwa tu ndani ya tundu dogo kati ya mafunjo.

Bila shaka mwaniuliza chambo gani ni bora. Kwa anayeanza, nyungunyungu mnene hushinda vyote. Hata viwanda vilimwiga. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, Ohio, Nick Creme alitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini, na chambo hicho kikaenea kwa wavuvi wa besi wa Marekani yote. Siri yake si rangi. Siri yake ni kwamba huzama polepole na kutikisika kama kitu hai. Kwa hiyo usikivute haraka. Kiache kizame. Mara nyingi besi hukichukua wakati kinazama, kabla hujafanya lolote. Kikifika chini, kaa kimya kidogo, kiinue shibiri moja, kiache kishuke tena. Mwenye haraka asivue besi kwa nyungunyungu.

Na tangu chambo kigusapo maji, hesabu: moja, mbili, tatu. Samaki akiuma ulipofika saba, umejua kina alichokaa. Tupa tena mahali pale pale, na ufikapo saba uwe tayari. Mmejifunza hesabu darasani. Hapo ndipo inapoleta kitoweo.

Sasa tumefika mahali ambapo wale watu wawili wa mtumbwi mmoja huachana. Yule asiyepata kitu, mara nyingi samaki ameuma, ila yeye hakujua. Nilisema besi hufyonza, na hutema. Yote mawili huweza kutokea kabla hujasema «nimempata». Usingoje fimbo ipindike. Shika uzi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na jicho lisiondoke pale uzi unapoingia majini. Pengine utasikia gonga-gonga, kama mtu abishaye hodi kwa ukucha. Pengine uzi utakwenda kando bila upepo. Pengine utalegea ghafla, chambo kikiwa bado hakijafika chini. Wengi hudanganyika kwa hilo la mwisho, maana hudhani samaki lazima avute. Uzi ukilegea bila sababu, besi amekichukua na anakuja upande wako.

Hapo shusha fimbo, kunja uzi uliolegea mpaka ukazane, kisha inua fimbo kwa nguvu mara moja. Ukiinua uzi ukiwa umelegea, nguvu zako huishia katika uzi, ndoana haichomi. Na ndoana yenyewe iwe kali. Iweke juu ya ukucha wako na uivute taratibu. Ikiteleza, ni butu, itafute tupa uinoe. Ikishika, iko tayari. Jambo hili huchukua muda wa kupiga chafya, lakini wavuvi wengi hulisahau mwaka mzima.

Akiisha kushikwa, besi hupenda kuruka juu ya maji akitikisa kichwa. Ndivyo atoavyo ndoana. Ukiona uzi wapanda kuelekea juu, jua anataka kuruka. Inamisha ncha ya fimbo karibu na maji, uzi usilegee. Usimburute kwa ubavu. Akichoka, mlete polepole. Besi hana meno ya kukata. Meno yake ni kama msasa. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, angalia tu ndoana isikuchome wewe. Akiwa mzito, weka mkono wa pili chini ya tumbo. Jihadhari na miiba ya mgongoni.

Niwape habari ya mtu mmoja. Tarehe 2 Juni mwaka 1932, katika jimbo la Georgia, Marekani, mkulima kijana jina lake George Perry hakuweza kulima kwa sababu ya mvua. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa nchini mwao. Alichukua mtumbwi uliotengenezwa kwa mikono, akaenda na rafiki yake kwenye Ziwa Montgomery. Vyombo vyao vya uvuvi vilikuwa fimbo moja na chambo bandia kimoja, wakipokezana. Siku hiyo Perry alimvua besi wa ratli 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na kidogo. Alimpima, kisha nyumbani wakamla. Mpaka leo hakuna aliyemshinda. Mwaka 2009 Mjapani Manabu Kurita alimvua mmoja katika Ziwa Biwa aliyekuwa mzito kidogo zaidi, lakini sheria ya rekodi yataka kuzidi kwa wakia 2, na hakuzidi kiasi hicho. Kwa hiyo wamewekwa sawa.

Huko Japani besi alipelekwa mwaka 1925, akaenea katika maji mengi na kula samaki wa asili, hata mwaka 2005 serikali yao ikatoa sheria ya kukataza kumfuga, kumsafirisha hai na kumtia katika maji mengine. Nawaambia haya kwa sababu kuna mtu atakayesikia somo hili akatamani kubeba besi wawili katika ndoo awatie katika bwawa la kijiji. Usifanye. Wala usibebe kamba hai. Bwawa lenye tilapia wa kijiji kizima laweza kuharibiwa na ndoo moja.

Kuna besi mwingine wa kumwacha. Wakati wa kuzaa, dume huchimba kiota cha mviringo kwenye maji mafupi. Jike hutaga, kisha huenda zake. Dume hubaki, akipepea mayai kwa mkia na kufukuza kila kinachokaribia, na watoto wakitoka huwalinda siku kadhaa. Wakati huo ni rahisi sana kumvua, maana hushambulia hata kijiti. Lakini ukimtoa, samaki wadogo humaliza mayai mara moja. Ukiona duara safi chini ya maji na besi juu yake, pita. Na ukimshika mdogo, lowesha mikono kwanza, mtoe ndoana upesi, mrudishe. Halafu, kabla ya yote, uliza katika ofisi ya uvuvi habari za leseni na za miezi inayokatazwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana besi hajamwua mtu bado, lakini kiboko ameua wengi. Naivasha ina viboko. Usiku hutoka majini kwenda kula majani, na alfajiri hurudi kwa njia zao zilizokanyagwa kati ya mafunjo. Njia hiyo huonekana safi, kama imefyekwa, na mvuvi huona ni mahali pazuri pa kusimama. Ni mahali pa kufa. Kiboko aliyezuiliwa asiingie majini hazunguki. Hupita juu yako. Ngoja kupambazuke kabisa. Ukiwa katika mtumbwi, gonga ubao mara kwa mara wakusikie, na usipite kati ya jike na mtoto wake. Vaa koti la kuelea, hata kama wajua kuogelea. Tena ziwa hilo huchafuka mchana upepo unapoanza, kwa hiyo mashua ndogo irudi mapema. Samaki wanne hawazidi thamani ya baba au mama wa watoto.

Chukueni daftari. Pigeni mistari, mfanye safu sita. Juu andikeni: Tarehe, Saa, Mahali, Maji, Chambo, Nilichopata. Kila urudipo ziwani, jaza mstari mmoja, hata kama hukupata kitu. Nitasoma mfano, nanyi mwandike:

Tarehe 3 Machi. Saa 12 na nusu asubuhi. Mgunga wa pili kutoka gati, upande wa kivuli. Maji ya rangi ya chai. Nyungunyungu. Besi 1, ameuma kwenye hesabu ya saba.

Mistari 30 ya namna hiyo itakuambia mambo ambayo kichwa hukisahau. Utaona pengine kwamba mahali ulipopapenda sana hapajakupa samaki tangu mwezi jana, na kwamba siku za maji ya chai mgunga haukukunyima hata mara moja. Yule mwenzako wa mtumbwini huenda anayo haya yote kichwani baada ya miaka 20. Wewe waweza kuyapata kwa msimu mmoja, kwa penseli.

Limebaki fundo. Besi mkubwa hukata uzi mara nyingi pale penye fundo baya, si pengine. Chukueni uzi na ufunguo. Ufunguo ndio ndoana yetu leo.

Kunja uzi mara mbili upate kitanzi. Pitisha kitanzi katika tundu la ufunguo. Sasa, kwa uzi huo uliokunjwa, funga fundo la kawaida, kama la kufunga mzigo, ila usilikaze. Ufunguo uning'inie katikati. Chukua kitanzi kilichobaki, kipanue, upitishe ufunguo wote ndani yake. Lowesha fundo kwa mate, maana uzi wa nailoni ukikazwa mkavu hupata joto na kudhoofika. Vuta sasa uzi wote pamoja, polepole, mpaka fundo likae juu ya tundu. Kata ncha.

Wamarekani huliita fundo la Palomar. Fungeni mara tano mkitazama na mara tano mkiwa mmefumba macho. Mwalimu atapita avute kila ufunguo. Likiteleza, fungua uanze tena. Wiki ijayo, saa kama hii, njooni na daftari zenu, nasi tutasoma mistari ya wale waliokwisha kwenda ziwani. Kwaherini.